Aliyekwaruza Ukuta wa Babu Kasimiri

Chemchem, Tabora

Mama yangu Martha,

Shikamoo mama. Goti linasemaje? Mimi mzima, mwili unanenepa, mfuko ndio unakonda. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza kucheka unanikatia.

Mayai ya kuchemsha nimeyapumzisha. Nimepata kibarua cha kushika taa Goweko, kwenye chumba cha makaburi chini ya kanisa la zamani. Wamelala humo Wakristo wa kwanza, wale wapagazi wa misafara. Anayesoma maandishi ya ukutani ni dada Tekla, msomi kutoka Dar. Chokaa imebanduka, unyevu umekula herufi, jina moja anashinda nalo mpaka jioni. Mimi hapo ningeshauza trei tatu.

Mama, babu yako Kasimiri uliyemtafuta miaka yote yumo humo. Jina lipo, na Puge yetu imeandikwa. Ila chini yake mtu kakwaruza kwa msumari: MWIZI WA KUKU. Dada Tekla akadhani ni adui kachafua kaburi. Wazee wa kanisa nao wakasita, wakaliweka jina pembeni ya orodha itakayosomwa kwenye misa ya jubilei. Siku tatu sikulala vizuri, nikikufikiria.

Siku ya nne nikamwomba dada Tekla aloweshe ukuta chini kidogo ya hilo tusi. Udongo ukatoka, akasoma polepole: NIMEMCHIMBIA MIMI, MAJIDI MZARAMO. ANILIPE HUKOHUKO.

Nikamwambia, "Dada, huyu si adui, huyu mtani wetu. Adui gani anakuchimbia kaburi halafu anaweka jina lake?" Akasema utani wa Wanyamwezi na Wazaramo anaujua, ila hakudhani unashuka mpaka huku chini. Wazee walivyosikia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jina limerudi.

Sasa mama, usinune. Ule udongo niliupaka mimi. Siku ya kwanza nilitangulia na taa, nikaona jina la babu na "mwizi", aibu ikanishika, nikasiliba tope sehemu hiyo yote bila kusoma mbele. Tope la juu likadondoka, la chini likaganda. Babu kaitwa mwizi siku tatu kwa kazi ya mikono yangu. Dada Tekla nilimweleza, akaninyang'anya taa siku nzima.

Msalimie Shigela na wote hapo Puge. Njoo kwenye jubilei, maneno ya Majidi yatasomwa yote. Nimeshamwomba mzee wa kanisa, mama atakayecheka wakati wa majina asitolewe nje, ni mjukuu.

Ni mimi mwanao mtundu,
Anton