Siku Nne za Eda

Dada Mwajuma, nawasalimu wote hapo Ujiji.

Bado niko Buyenzi nyumbani kwa Hamisi, namaliza eda ya talaka niliyoidai mwenyewe. Jana mchana risasi zililia milimani. Akaja mbio kutoka gereji, mikono imejaa grisi, akasukuma kabati likaziba dirisha langu.

"Apana, we usikae hapa dirishani tena!" akafoka. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwona hivyo. Nikampakulia samaki, tukala sahani moja.

Zimebaki siku nne. Asiponirejea kabla hazijaisha, ndiyo basi. Nazunguka ua huu hadi miguu inauma, nikingoja aseme tu, "Nimekurejea."

Niombee, dada. Ile nauli ya kurudi usitume kwanza.

Mdogo wako, Zaituni