Nunua Hiyo Programu, Nekesa

Binti yangu Nekesa,

Barua yako ilifika Kitale Jumanne na nimeisoma mwenyewe, bila kumpa mtu anisomee. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unajulikana hapa kijijini Kwanza kote. Nimechukua siku mbili kukujibu kwa sababu huu mkono umezoea randa, haujazoea kalamu. Usihesabu makosa. Soma tu.

Unaniuliza kama ununue ile programu ya kuandikia programu, au uachane kabisa na kazi yako ya kuandika koo zetu kwa kompyuta. Unasema kazi hiyo haikuletei hata shilingi, ofisini hawaijui, ni yako tu ya Jumamosi, na ile programu ya bure imekuchosha. Tena umeandika, "Labda ulisema kweli, Baba, ni upuuzi." Hilo neno limenikaa kifuani.

Unakumbuka Desemba ulipokuja na kompyuta ya kubeba, nzito kama tofali? Uliiweka kwa benchi yangu, ukapuliza vumbi la mbao, ukaanza kuniuliza. Fulani alioa wapi. Mama yake ni wa ukoo gani. Nani hawezi kuoana na nani. Nikakutolea majibu huku napiga randa, bila kusimama. Kutoka Lugulu mpaka hapa hakuna mtu anazijua koo kama mimi. Posa ikiwa na swali, naitwa. Wewe ulikuwa unaandika unacheka. Ulisema watu wetu wamehamia huku Trans-Nzoia, watoto wanakutana shuleni na sokoni bila kujua kama ni ndugu, na wazee wanaisha. Nikakwambia, "Mimi siendi mahali."

Halafu asubuhi moja ukasema, "Baba, zimebaki siku nne."

"Siku za nini? Nani anakufa?"

"Hii programu ninayotumia. Walinipa siku thelathini za kujaribu, zikiisha inajifunga."

Nilicheka mpaka nikaweka randa chini. "Ati ulipe pesa ununue kitu cha kutengenezea kitu ambacho huuzi? Hata hakina uzito! Upuuzi!" Ulinieleza pole pole kwamba iko ya bure, lakini kwa ile ya bure kosa moja linakula Jumamosi nzima ukilitafuta, na hii ya kulipia inakuonyesha mstari wenyewe. Sikutaka kusikia. Nikakwambia basi shuka Bungoma, kuna vijana wanauza nakala kwa CD, bei ya soda.

Uliniangalia. "Baba, wewe unaweza kuweka randa ya wizi kwa hii benchi?"

Nikajifanya natafuta misumari.

Ulirudi Nairobi na ile ya bure. Lakini ulipitia Kitale mjini, ukapiga chapa zile koo zote kwa karatasi, ukaniachia. Nimekuwa nikitembea nazo kwa mfuko wa koti, kuonyesha watu kazi ya binti yangu. Kazi yangu pia, kwa sababu maneno ni yangu.

Sasa kuna jambo sijakwambia. Mwezi uliopita niliitwa Bungoma kwa posa ya Wafula, yule kijana aliyefiwa na babake akiwa mdogo. Waliniuliza kama njia ni safi. Nikasimama, nikasema hapana, nyanya yake Wafula mzaa baba na mama ya huyu msichana ni ukoo mmoja, hawa ni ndugu. Msichana akainamisha kichwa. Wafula akatoka nje. Wazee wakaanza kuvaa kofia zao.

Senge yako Rosa ndiye alinishika koti. Unamjua dada yangu huyo, hana adabu. "Wewe Fundi, hizo karatasi unatembea nazo kama kitambulisho, si uzisome kwanza?"

"Karatasi gani inajua kunishinda mimi?"

"Soma, bana!"

Nikasoma. Babu yake Wafula alikuwa na bibi wawili. Mimi nilikuwa nimempa kijana nyanya wa nyumba kubwa, kumbe yeye ni wa nyumba ndogo, ukoo mwingine kabisa. Mama mmoja mzee wa upande wa kijana akasema ndiyo, ni kweli, hata alikula harusi ya huyo wa pili. Na aliyekwambia hivyo Desemba ni mimi.

Nikawaambia, "Mnaona? Nilikuwa nimesema sawa tangu zamani."

"Sasa umeshindwa na nani?" Rosa akauliza. "Na wewe mwenyewe?" Walicheka vibaya. Lakini Wafula aliitwa akarudi ndani, na harusi ni Agosti. Nikifikiria kwamba wale watoto wangeachana kwa sababu ya mdomo wangu, nazitoa karatasi zako nazisoma tena.

Kwa hivyo wacha nikujibu kama fundi. Nilipoanza kazi nilijitengenezea randa ya mti. Kama ningenunua ya chuma siku ile ningekuwa mjinga, kwa sababu sikujua kama nitakaa kwa hii kazi hata mwaka. Ile ya mti niliitumia miaka saba. Nilipofika mahali najua kila kitu inanikatalia, nikanunua ya chuma, na kitu cha kwanza nilichotengeneza nayo hakikuwa cha kuuza. Kilikuwa kitanda chako. Mama yako aliniuliza nani atakilipa. Niliendelea kupiga randa.

Ungeniuliza siku ya kwanza ningesema ngoja, ya bure inatosha. Lakini umekaa nayo tangu Desemba, mvua yote hii, na hujaacha. Unajua mahali inakukatalia. Nunua. Nunua ya halali, iandikwe jina lako, hata kama unalipa mtu wa ng'ambo ambaye huoni uso wake. Ila muulize kwanza kama mwaka ukiisha inajifunga tena. Kama inajifunga, mkatalie, utafute nyingine.

Na lile neno la upuuzi nalirudisha kwangu. Haikuwa pesa, Nekesa. Niliona koo zote zikiingia kwa hiyo kompyuta, nikajiuliza, sasa mimi wataniita kwa nini?

Kuna koo za upande wa mama yangu, wale wa kule mlimani. Uliponiuliza nilikwambia nimesahau. Sijasahau hata moja. Nilizificha ili nibaki na kitu. Njoo siku mbili kabla ya harusi, uje na hiyo programu mpya. Nitaanzia kwa nyanya yangu, na usinikatize.

Kaa vizuri huko, ule, ulale.

Ni mimi baba yako,
Fundi, na hapa Kwanza bado ni namba moja.