Simba wa Chemchemi ya Mtakatifu Konvel

Jumanne, 3 Juni 2003

Leo kaja mtaalamu wa majengo ya kale kutoka mjini. Viatu vyeupe! Kwenye tope letu! Meya anataka kupanua barabara, na chemchemi ya mtakatifu, na kijumba chake cha mawe, iko njiani. Mtaalamu akisema ni ya thamani, barabara itapinda. Akisema hapana — tingatinga. Basi nikakaa pale kwenye benchi la mawe na njegere zangu, namenya, nasikiliza.

Anapima kila kitu. Birika, upinde wa mawe wenye ncha, shubaka la mtakatifu, paa la mawe. Eti miaka mia tano. Angeniuliza mimi. Bibi wa bibi yangu alitupa mashati ya wanawe mle majini kuona yataelea, mtoto ataishi, au yatazama, atakufa. Langu, mama alipolitupa, lilielea. Niko hapa, themanini na moja.

Kisha akaliona jiwe la juu ya upinde. Akavua miwani, akapaza sauti. Simba! Simba wa mabwana wa ngome, mkono wa fundi mkubwa!

Nikameza njegere nzima. Simba gani? Yule ni Turko, mbwa wetu. Alimng'ata mtu wa posta mara mbili.

Jumatano, 4 Juni

Jakez, marehemu mume wangu, ndiye aliyelichonga, 1957. Wiki moja kabla ya Pentekoste alirudisha nyuma mkokoteni wa mapipa ya mvinyo wa matofaa, na yeye mwenyewe, kalewa, pipa jingine. Kishindo kwenye upinde! Jiwe la kale chini. Akamwambia padri ni radi. Radi, na mbingu bluu kama aproni yangu! Akachonga jipya. Simba hajamwona maishani, mbwa alikuwa mlangoni — akachonga mbwa. Padri kwa furaha akampa bendera ya mtakatifu aibebe kwenye maandamano ya Pentekoste. Aliibeba miaka thelathini na moja. Sasa anaibeba mwanangu Herle, kifua mbele.

Anayejua ni mimi na jirani yangu Fant. Na jiwe la kale? Kizingiti cha banda langu la kuku. Limelala kifudifudi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwendea mtakatifu shubakani. Wewe ulikuwepo, uliona, umenyamaza miaka arobaini na sita, haya, fanya kazi! Nikamgeuza uso ukutani, kama tulivyomfanyia mvua ilipogoma. Mtaalamu kapita, kaandika daftarini: sanamu yatazama ukuta, ishara adimu ya unyenyekevu.

Unyenyekevu! Yuko adhabuni!

Jumamosi, 7 Juni

Mambo yameharibika. Mtaalamu kapanda ngazi na kioo cha kukuzia. Simba ana mkanda shingoni! Na kengele! Jakez, kengele ya nini? Akamwambia meya mbele yetu sote: jiwe hili ni la juzi, sasa na mengine nayatilia shaka, sitatia sahihi. Meya akatabasamu kama paka wa bucha.

Fant akanivuta sketi. "Sema, we mwanamke!"

"Niseme mume wangu alikuwa mlevi na mwongo? Na Herle je?"

"Herle abebe bendera mbele ya tingatinga, ndilo utakalo?"

"Shughulika na meno yako."

"Meno yangu yako mezani nyumbani. Lako ni hilo domo tu."

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Sijalala. Nimemwalika mtaalamu kahawa kabla ya misa. Fant kaja na mtaimbo, na sketi yake ya maandamano, mpumbavu yule. Tukafukuza kuku. Ukilipasua nakupasua, nikamwambia. Jiwe likainuka kidogo. Nikapenyeza mkono chini: tope, nyungunyungu, halafu — manyoya ya shingo. Yamejikunja, kila msokoto, kama yamechongwa jana. Huyu ndiye simba. Hana kengele.

Tumelikingia gogo, nimeingia ndani nipumue, ndipo naandika.

Gari uani. Na sauti ya Herle, kashavaa vazi la kubebea bendera, anamwongoza bwana yule. Mama, anaita, kizingiti kimefanya nini?

Fant kaegemea mtaimbo. Ananingoja.

Sijui nianze na radi au nianze na mapipa.