Jeneza Ukutani kwa Bibi

Ijumaa, Al-Safa. Jua la Jeddah leo limeamua kutuchemsha, nguo inashika mgongo hata ukiwa umekaa. Madam na bosi wameenda kuwaona jamaa, nimebaki na Bibi, mama yake bosi, mzaliwa wa Zanzibar. Nimecheka na nimelia siku moja, kwa hivyo naandika.

Kwa chumba cha Bibi kuna picha ya mwanamume na mwanamke wameshikana mikono, wamejifunga mashuka marefu. Kila siku nikiipanguza vumbi naiita picha ya harusi. Leo nikamuuliza, hawa maharusi ni watu wenu wa Zanzibar?

Bibi alicheka hadi akakohoa. "Harusi! Hilo jeneza, mwanangu."

Woi! Kitambaa kilinianguka.

Akanieleza. Marehemu mumewe alikuwa akifundisha kuchora, na picha hii aliinunua ujanani. Warumi wa kale walikuwa wakilaza wafu wao matajiri kwa majeneza ya mawe, na ubavuni wanachonga mtu akiagana na mkewe. Baadaye wachoraji wakanakili yale mawe, michoro ikachapwa, moja ndiyo hii.

Nikamwambia mimi sielewi. Kwetu Bungoma jeneza linaingia chini na mwenyewe, halas. Nani atachonga kitu kizuri hivyo halafu akifukie?

Bibi naye akanishangaa. "Kulifukia kwani? Jeneza hurudi msikitini, likamsubiri mwengine."

Kumbe kwao jeneza ni la kubebea tu, mtu analazwa kaburini na sanda yake. Neno moja, na kila mtu ana jeneza lake.

Hapo ndipo machozi yalinitoka, na sikuwa nimeyaita.

Mamangu alizikwa mwezi uliopita. Ikama yangu ilikuwa bado kutoka, na bila kibali hicho singeweza kusafiri. Dadangu Nafula alinitumia picha ya jeneza kwa simu. Sijawahi kuifungua. Niliogopa, kwa sababu nikiiona basi Mama ameenda kweli, na mimi sikumuaga. Leo nilimwambia Bibi yote hayo, mara ya kwanza kumwambia mtu.

Akanivuta nikae kitandani kwake. "Ifungue, mwanangu. Niko hapa."

Nikaifungua.

Jeneza la kahawia, leso ya Mama juu yake. Na mikono miwili ya Nafula imelalia mfuniko. Chini ameandika: "Wa kushoto ni wangu. Huu wa kulia nimekuwekea wewe."

Siku zote hizi mkono wangu ulikuwa pale, na mimi niko hapa nalia ati sikumuaga Mama.

Bibi alinishika mkono, ule wa kulia.

Kesho nitamwomba karatasi na penseli. Kuchora sijui, lakini mikono miwili nitajaribu.