Nafasi Iliyo Kando Yako

Mtani wangu, Baba Somoe,

Kuna jambo nimewaficha wanangu, na wewe nilikuficha hadi ukafukiwa. Kifua hakinipi nafasi tena, kwa hiyo naandika leo.

Kwanza habari za mji wako. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa. Maji yaliporomoka kutoka kwenye majabali yetu ya Masasi, yakapita pale pale ulipowakataza watu wasijenge, yakaenda zake. Hakuna nyumba iliyoingiliwa. Nilisimama na mkongojo wangu nikayatazama, nikasema peke yangu, "Mmakonde huyu!"

Nakukumbuka ulipoletwa kutuandalia mpango kabambe, mji wa miaka ishirini ijayo. Nilidhani utakaa ofisini na rula. Wewe ukavaa buti, ukazunguka mtaa kwa mtaa masika yote, ukiwauliza akina mama maji yanapita wapi, mboga wanauzia wapi, watoto wanavuka wapi barabara. Ndipo ukabandika ramani yako kwenye ukuta wa soko: njano makazi, kijani maeneo ya wazi, na barabara zikipita mahali ambapo bado palikuwa na mikorosho tu. Mimi niliyefundisha jiografia maisha yangu yote sikuwahi kuona ramani ya kitu ambacho bado hakipo.

Mkutanoni nikakuchokoza: "Wewe kwenu Newala maji mnayafuata bondeni, leo unatupangia mji?"

Hukukasirika. "Ndiyo maana nimeanza na maji, Mmakua wee! Mama yangu alipanda ule mteremko na ndoo kichwani. Siwezi kuchora nyumba kabla sijajua mama wa humo atateka wapi."

Halafu ukauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: mji ukijaa, tutazikana wapi? Makaburi ya koo zetu yalikuwa katikati ya mikorosho, na mikorosho ilikuwa inageuka viwanja. Ukatuonyesha eneo kubwa kando ya njia ya Newala. Nikasimama. "Bomba hujatuletea, kaburi umeshatupimia!" Watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika. Utani ule ulisambaa kuliko ramani yako. Hakuna aliyekubali kumlaza mtu wake kule peke yake. Nyasi zikaota, na wenye uchu wa viwanja wakaanza kulimezea mate eneo lile.

Ulipougua ukamwambia mkeo wakuzike kule. Ndugu zako wakaja na gari kutoka Makote, kijijini kwenu, kukuchukua. Mama Somoe akawaambia, "Kasema pale," kisha akaketi mlangoni. Hawakumvuka.

Siku ya mazishi nilifanya kazi ya mtani. Niliiga mwendo wako wa kukokota buti, nikateremka kaburini kabla yako, nikalala chali, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Hata Mama Somoe alicheka, machozi yakimtiririka.

Siku hizi una majirani: watumishi waliohamia, wafanyabiashara, watu wasio na ukoo hapa. Sisi wenyeji bado tunazikana kwa kubanana kwenye mashamba ya zamani. Juzi nimesikia tena wakisema eneo lile limekaa bure, likatwe viwanja. Na wanangu wameshanisafishia nafasi Chiwata, kijijini kwetu, kando ya kaburi la baba yangu. Wanaona wananiheshimu, nami nimekuwa nikiitikia tu.

Kesho nitawaita. Nitawaambia nafasi iliyo kando yako ni yangu. Watanuna, najua; mkubwa atasema uzee umenichanganya. Lakini wenyeji wakimwona mzee wa ukoo kama mimi amelala kule, watakosa cha kusingizia, na mpango wako utabaki kama ulivyouchora. Hilo nakuahidi, mtani. Nawe usianze kunicheka nikifika.

Sasa lile nililolificha. Siku ile kaburini mwako nilitazama juu nikaona mbingu tu, upepo wa kwenu Newala ukipita juu yangu. Palikuwa pametulia. Nikaona ulikuwa umetuchagulia mahali pazuri, na sikuwahi kukwambia kwamba hukukosea.

Jogoo alikuwa kisingizio, Baba Somoe. Sikutaka kutoka.