Siku Nilipomkana Mzee Likwena

Jumatatu, 3 Julai 2006. Nachingwea
Nimechaji kompyuta za mkononi zote. Ugawaji wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, unaendelea. Mkulima anasaini kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu isiyo na wino, mashine inapima kasi na mkandamizo wa mkono. Ikimtambua, anapewa mfuko wake. Kesho kijiji cha Nandagala, Ruangwa. Bosi anakuja toka Dar kuona.

Jumanne, 4 Julai. Ruangwa
Leo tuligawa kwenye ghala la Nandagala.
Mzee Likwena alisaini, mashine ikamkataa. Akarudia, ikakataa tena. Kwa macho saini ilikuwa ileile. Tena namfahamu! Tulipokuja kusajili saini mwezi wa nne nililala kwake, mkewe akanipikia.
Bosi akauliza, "Huyu ndiye mwenyewe?"
Nikasema, "Mashine inasema siye."
Nilitaka kazi ionekane nzuri. Basi. Bosi akafurahi, akatangaza kuwa mwizi amenaswa. Watu wakacheka. Mzee hakumtazama bosi. Alinitazama mimi. Akaondoka mikono mitupu.
Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Julai
Nimerudi Nandagala kwa pikipiki, mfuko wa salfa nyuma. Mkewe, Bi Somoe, kanipokea uani. Kumbe mzee alipata kiharusi mwezi wa tano. Mkono wa kulia ukalegea. Akajifundisha upya kuandika jina lake, kila asubuhi, kwa kijiti mavumbini, mpaka likatoka kama zamani. Ila polepole. Mashine inamkumbuka mtu mwenye mkono mwepesi.
Mzee alikuwa ndani. Nilimsikia.
"Mwambie arudi na mzigo wake. Mwenyewe hajapatikana."
Maua ya mikorosho yake yameanza kushikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaozuiwa na salfa. Kosa langu.

Ijumaa, 7 Julai
Nimempigia bosi. Nimemwambia kwamba siku ile nilimjua mzee, nikaficha. Kafoka sana, ila karuhusu mzee asajiliwe upya. Huenda nikaondolewa. Sawa.

Jumatatu, 10 Julai
Ghala lilelile, watu walewale. Bi Somoe ndiye aliyemshawishi mzee aje. Nilisimama nikasema: huyu ni Mzee Likwena, nilimfahamu, nikamkana. Hakuna aliyecheka.
Tukamsajili upya. Alisaini taratibu, jasho likimtoka. Mashine ikakubali. Nikamfungia mfuko kwenye baiskeli ya mkwewe.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba." Bila kunitazama.
Akatangulia njiani, mkwewe akikokota baiskeli nyuma yake.