Hodi Katika Ukungu

Lyamkena, Makambako
10 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Goti linaendeleaje na baridi hii? Viazi umeshachimba? Shangazi Flora, anayekuletea barua hii, ameniambia umeanza tena kupanda kilima bila fimbo. Nimefurahi, na nimekasirika pia. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanachoshwa na kompyuta.

Najua hutaki habari za kompyuta. Tangu nilipoacha ualimu hupokei simu yangu, na umewaambia watu kwamba hukusomesha binti ili aje kutengeneza michezo ya watoto. Nivumilie kwa barua hii moja. Ukaidi wangu sikuuokota barabarani, baba.

Kazi yenyewe ni hii. Mimi na mwenzangu Anderson, kijana wa Ilembula, tunatengeneza mchezo wa kompyuta usio na risasi wala mbio. Mchezaji anaona njia mbele yake kana kwamba anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na anachunguza mahali anapofika. Anderson anashughulika na mitambo, mimi natengeneza mahali. Na mahali penyewe ni kwetu Ipelele: mianzi, shamba la viazi, jiko la nje, nyumba yako.

Ukungu ulinitesa. Wa kwanza ulikuwa mweupe kila upande, kama shuka lililoanikwa, na Anderson akasema unatosha. Nilimwambia wa kwetu unapanda kutoka bondeni, unameza viazi kwanza, halafu mianzi, na matone juu ya bati unayasikia kabla hujaiona nyumba. Niliufuta, nikaanza upya mpaka ukapanda. Jamaa wa Dar es Salaam wanaotaka kuusambaza mchezo waliusifu, kisha wakataka niweke mzuka humo ndani ili watu waogope. Nilikataa. Walisema bila mzuka watafikiri upya, nami nikawaambia wafikiri vizuri.

Kisha nikamwita mwenye nyumba wangu, Mama Margareth, aujaribu. Alitembea vizuri, akajifunika kitenge mabegani akilalamika baridi, wakati chumbani mlikuwa na joto. Nilicheka kwa furaha. Lakini alipoufikia mlango wako akasimama, akapiga hodi kwa sauti, mbele ya kioo cha kompyuta! Nilimwonyesha kitufe cha kufungulia, akagoma. Alisema hajakaribishwa, na yeye haingii nyumba ya watu kimya kimya kama mwizi. Brayson, fundi simu, naye akagandia palepale. Wale wa Dar walikuwa wamepita moja kwa moja. Watu wa huku wote wanakwama mlangoni.

Anderson alishauri tuuondoe mlango. Nilisema hapana, kinachokosekana ni sauti ya kukaribisha. Akaweka yake, ikawa kama ya kijana aliyeachiwa nyumba ya watu ailinde. Tukamrekodi Mzee Abrahamu wa hapa jirani. Sauti nzuri, lakini si ya nyumba ile.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata shangazi sijamwambia. Jumatatu ya Pasaka nilikuja. Ukungu ulikuwa umefunika kijiji, hakuna aliyeniona. Nilipiga hodi mlangoni kwako. Nikasikia kiti kikisogea, nikasikia kikohozi chako, na nikajua umeitambua sauti yangu. Hukujibu. Nilisimama mpaka kitenge kikalowa, ndipo nikarudi. Iliniuma sana, baba, na bado inaniuma. Mlango wa kwenye mchezo niliutengeneza wiki iliyofuata.

Darasani sirudi. Jumamosi nakuja, na kinasa sauti mkononi. Nitapiga hodi kama ulivyonifundisha, mara tatu, na kungoja. Ukisema karibu, kila atakayepita katika ukungu ule, awe wa Makambako au wa mbali, atakuwa amekaribishwa na wewe. Usiposema, nitarekodi ukimya huohuo na kuuweka kama ulivyo. Nao watasimama pale niliposimama mimi.

Wasalimie majirani wote, na umwambie Mama Peace amfunge mbuzi wake kabla hajamaliza mboga zako. Mungu akutunze. Dawa ya goti nakuletea. Hiyo nitaiacha kizingitini hata usipofungua.

Ni mimi binti yako,
Eveline